Nani apange bei ya upanga wa uchawi?

Mwaka 1979 Gary Gygax, mmoja wa watunzi wawili wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, alitoa kitabu cha wasimamizi wa mchezo huo. Ndani yake mna majedwali marefu ya vitu vya uchawi: pete, majoho, fimbo, panga. Karibu kila kimoja kina namba mbili. Upanga wa +1, yaani ule unaoongeza 1 juu ya namba iliyotoka kwenye dadu ya pande 20, una pointi 400 za uzoefu na bei ya kuuzia ya sarafu 2,000 za dhahabu.

Ukiisoma haraka, hiyo ya pili utaidhani bei ya dukani, kumbe ni chambo. Kwa kanuni za wakati ule, sarafu 1 ya dhahabu ilihesabiwa pointi 1 ya uzoefu. Aliyeokota upanga pangoni akabaki nao alipata 400. Aliyeuuza alipata 2,000 na kusogea haraka kuelekea ngazi ya juu. Gygax alikuwa anawahonga wachezaji waachane na silaha zao. Sarafu zenyewe hazikukaa mfukoni, maana kupanda ngazi kulidai ada ya mafunzo: 1,500 kwa wiki, mara ngazi uliyonayo. Alijua anachokiogopa. Meza ambako hazina zilimwagwa ovyo zilikwisha kuwa kichekesho, zikapachikwa jina la Monty Hall, mtangazaji wa televisheni ya Marekani aliyegawa zawadi. Silaha ikishatolewa, kumnyang'anya mchezaji ni kuanzisha ugomvi.

Toleo la pili, mwaka 1989, lilifuta bei hizo. Kwa maoni yangu lilikwepa swali tu.

Jibu la kijasiri zaidi lilikuja mwaka 2000, baada ya Wizards of the Coast kuinunua kampuni ya TSR iliyouchapisha mchezo tangu mwanzo. Monte Cook, Jonathan Tweet na Skip Williams walileta hesabu. Nyongeza ya silaha izidishe kwa yenyewe, kisha mara 2,000: +1 ni 2,000, +2 ni 8,000, +5 ni 50,000. Kila hatua inauma kuliko iliyotangulia, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kulikuwa pia na jedwali la mali anayostahili mhusika: 900 akiwa ngazi ya 2, 760,000 akifika ya 20. Bei sasa ilikuwa mgawo wa nguvu, na mchezaji aliweza kuupigia hesabu mwenyewe.

Akaupigia kweli. Kifimbo cha tiba ndogo kiligharimu 750 na kutumika mara 50, sawa na sarafu 15 kwa tiba moja. Punde majeraha kati ya pambano na pambano yakaacha kuwa tishio. Wengine walichukua uchawi wa ngazi ya 1 unaoongeza 20 kwenye pigo moja, wakauingiza kwenye kanuni ya vitu visivyokwisha, wakapata 2,000: bei ileile ya nyongeza ya +1. Kitabu kilikuwa kimeonya kwamba kanuni ni mahali pa kuanzia tu, lakini nani husoma onyo akiwa na kikokotoo mkononi?

Toleo la nne la 2008 liliziba mianya hiyo kwa kukipa kila kitu ngazi, na ngazi ndiyo ikataja bei: 360 kwa ya 1, 3,125,000 kwa ya 30. Ukiuza, unapata moja ya tano. Ulinganifu ulipatikana, ila vitu vikaanza kufanana na bidhaa za katalogi, tena vikahamia kwenye kitabu cha wachezaji wenyewe.

Mwaka 2014 mizani iliegemea tena kwa msimamizi. Bei ikafuata uadimu, kwa makadirio mapana: kitu kisicho cha kawaida sarafu 101 hadi 500, adimu 501 hadi 5,000. Breki halisi ikawa nyingine: mhusika hawezi kujifungamanisha, yaani kuunganika kichawi, na zaidi ya vitu vitatu kwa wakati mmoja. Kasoro ilionekana mapema. Upanga wa +1 uliwekwa kundi moja na viatu vya mabawa vinavyomrusha mtu angani kwa saa nne, na msimamizi yeyote aliyewahi kutayarisha shimo la mtego atakwambia kipi kati ya hivyo kinamharibia jioni yake. Kitabu cha 2024 kimeacha makadirio na kutaja bei kamili. Bei ya msingi ya kundi hilo ni sarafu 400.