Urejelezaji wa betri kavu

Urejelezaji wa betri kavu ni kazi ya kutoa metali zinazofaa katika betri za nyumbani zilizokwisha nguvu, zile ambazo wengi huziita mawe ya tochi. Betri ikifa, metali zake hazipotei. Kikopo cha zinki huwa kimeliwa kwa sehemu tu, na unga mweusi unaozunguka kijiti cha kaboni bado umejaa manganisi. Katika betri za alkali kikopo ni cha feleji, na zinki hukaa katikati ikiwa unga.

Kiwandani betri huchambuliwa kwanza, maana moja ya lithiamu ikipenya humo yaweza kuwasha moto. Kisha husagwa, na sumaku huvuta feleji. Unga unaobaki huweza kutiwa tanurini: zinki, inayochemka kwenye nyuzi 907 za selisiasi, hutoka kama mvuke na kunaswa, manganisi ikisalia chini. Au hulowekwa katika asidi ya sulfuriki, kisha zinki ikatengwa kwa umeme.

Metali hizi ni za bei nafuu, hivyo kazi yenyewe mara nyingi husukumwa zaidi na sheria kuliko faida. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inadai asilimia 63 ya betri za kubebeka zikusanywe ifikapo mwisho wa 2027.