Asidi Iliyosingiziwa

Pita mtaani siku moja baada ya bonanza, utamkuta kijana mwenzetu anashuka ngazi kwa kujishikilia ukutani kama mzee. Muulize ana nini. "Asidi hiyo, mshikaji, imejaa kwenye misuli." Na kocha wake atamwambia akimbie tena jioni ili aitoe. Ndugu msomaji, hebu tuifuatilie kesi ya asidi hii, maana mimi naona mshtakiwa kafungwa bure.

Mwaka 1907, kule Cambridge, Uingereza, Fletcher na Hopkins waliifanyisha kazi misuli ya chura mpaka ikachoka. Wakaikuta imejaa asidi ya laktiki. Walipoipa oksijeni, asidi ikapungua. Kazi safi kabisa. Kisha Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 wakagawana Archibald Hill na Otto Meyerhof kwa utafiti wa misuli, asidi ileile ikiwa katikati. Baada ya hapo nani angebisha? Watu wakaongeza chumvi: hata maumivu ya kesho yake, eti ni asidi.

Kumbe jibu lilishachapwa mwaka 1902! Theodore Hough, Mmarekani, alikuwa akipima kazi ya kidole tu. Akagundua kuna maumivu ya aina mbili: yale ya wakati wa kazi, na yale yanayokuja saa nyingi baadaye. Haya ya pili, akasema, yaelekea ni misuli kuchanika ndani kwa ndani. Hakusikilizwa sana. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunalijua hilo: hadithi yenye adui mmoja mwenye jina hushika upesi kuliko hadithi ya nyuzi ndogo zisizoonekana.

Nyuzi zenyewe zilionekana baadaye. Mwaka 1981 Fridén na wenzake wa Sweden waliwashusha watu ngazi mbio, tena na tena, wakakata vipande vidogo vya misuli yao na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Mpangilio wa ndani ulikuwa umevurugika. Mwaka 1983 Schwane na wenzake, Marekani, wakamaliza ubishi. Waliokimbia tambarare, asidi ilipanda lakini hawakuumwa. Waliokimbia kwenye mteremko, asidi haikupanda, na siku zilizofuata wakaipata!

Asidi yenyewe hupungua damuni ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, na moyo huitumia kama mafuta ya gari. Maumivu hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Sasa huyo kijana anakimbizwa jioni kutoa kitu gani?

Anachohitaji ni muda. Nyuzi zilizochanika zinajengwa upya kwa chakula, maharage yawe au mayai, na kwa usingizi. Kutembea taratibu kunalegeza kidogo. Na barafu? Gabe Mirkin, daktari aliyeieneza kwa walioumia kupitia kitabu chake cha mwaka 1978, mwenyewe aliandika mwaka 2014 kwamba huenda inachelewesha kupona. Inapunguza maumivu, hilo sibishi.

Na akiurudia mteremko uleule baada ya wiki moja au mbili, ataumwa kidogo tu. Misuli inakuwa imeshajipanga upya.