Kutoka Juliana hadi kikombe cha Babu

Kabla kipimo cha VVU hakijafika vijijini, ugonjwa ulisomwa mwilini. Mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu mmoja kama mshipi wa askari, haukuwa mgeni kwa wazee. Ni kirusi cha tetekuwanga, kinachojificha miaka mingi kwenye mishipa ya fahamu na kuibuka kinga inapolegea. Miaka ya 1980 ukaanza kuwatokea vijana, na majirani wakajua kitakachofuata: utando mweupe mdomoni, kuhara kusikokoma, kikohozi, nguo kupwaya.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, miaka minne baada ya vita na majeshi ya Idi Amin. Mpakani magendo yalikuwa yameshamiri, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichovushwa kutoka Uganda. Upande wa pili wa mpaka uliitwa Slim, kwa jinsi ulivyokondesha. Mwaka 1987 watafiti waliopima damu mjini Bukoba walikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi.

Aliyebuni jina “magonjwa nyemelezi” alikuwa na sikio zuri. Vimelea hivyo havivunji mlango. Vinanyata, vinasubiri kinga ishuke. Kifua kikuu ndicho kilichoua wengi zaidi. Homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi ilianza kwa kichwa kuuma tu, na mara nyingi iliishia kaburini.

Silaha ya awali ilikuwa ya bei ndogo: antibiotiki iitwayo Septrin. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walishauri itolewe kila siku kwa Waafrika wenye VVU waliokwisha kuanza kuugua, ili kuzuia nimonia na maradhi mengine. Kwa wengi hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza la kumeza kidonge hata siku ambayo hakuna kinachouma.

Dawa za kufubaza virusi (ARV) zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Ili kuanzishiwa, mgonjwa alipaswa kuwa na CD4, yaani seli za kinga, chini ya 200 au kuwa hoi tayari, kwa hiyo wengi walifika kliniki wakibebwa. Baada ya miezi michache walirudi shambani, na kijiji kikashangaa kama kinachoona mfu akitembea. Nafuu hiyo ilikuwa na gharama yake. Stavudine, mojawapo ya dawa tatu za mwanzo, ilibonyeza mashavu na kutia ganzi miguuni, na dozi ilidai saa: asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12, bila kukosa. Dozi zikirukwarukwa, kirusi hupata nafasi ya kujenga usugu.

Ndipo likaja jaribu kubwa kuliko yote. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeitwa Babu, alianza kuvuta maelfu ya watu hadi kijiji cha Samunge, Loliondo. Alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500, akidai inaponya UKIMWI na maradhi mengine, na alisema haifanyi kazi isipotoka mkononi mwake. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi; wengine walitoka Kenya, wenye fedha walikuja kwa helikopta, na wapo wagonjwa waliokata roho njiani. Baadhi ya waliokuwa wakimeza ARV waliziacha. Ni rahisi kuwacheka, lakini mtu aliyenenepa, asiye na mkanda wala utando, angeona nini mwilini cha kumkumbusha kidonge? Kinga ilishuka kimya kimya, na nyemelezi wakarudi.

Muda mfupi baadaye Dar es Salaam na Lusaka kulikuwa na utafiti usio na helikopta. Watu 1,999 walioanza dawa wakiwa na CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipimwa fangasi wa homa ya uti wa mgongo kwenye damu, kisha wahudumu wa jamii, wasio madaktari wala wauguzi, wakawatembelea nyumbani wiki za mwanzo kuwapelekea dawa na kuzungumza nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: vifo katika kundi la pili vilipungua kwa asilimia 28.

Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, na aliye imara hupewa vya miezi kadhaa. Ngozi haisemi tena lolote. Kinachoweza kusema ni kopo. Wapo wanaobandua lebo yake na kujaza pamba ndani, vidonge visije vikalia mkobani kwenye daladala.