Usharika Bila Mchungaji: Azania Front Katika Vita Mbili

Historia za sharika zetu nyingi zimeandikwa kwa kufuata mfululizo wa wachungaji: huyu alifika, akajenga, akahamishwa, akaja mwingine. Utaratibu huo unaeleweka, kwa kuwa taarifa nyingi za misioni ziliandikwa na wachungaji wenyewe. Lakini katika usharika wa Azania Front, ulio mbele ya bandari ya Dar es Salaam, mfululizo huo umekatika mara mbili. Hoja ya makala hii ni kwamba usharika huu hujulikana vizuri zaidi mahali pale ulipokatika.

Mmisionari wa kwanza wa Kilutheri mjini, Johann Jakob Greiner, alifika mwaka 1887. Alitumwa na shirika lililoundwa Berlin mwaka 1886 mahsusi kwa ajili ya koloni jipya la Ujerumani, na jambo hilo lisisahauliwe: mmisionari na bendera waliingia takriban pamoja. Miongoni mwa watu wa kwanza kukusanywa na misioni walikuwemo waliokombolewa utumwani. Wenyeji wa Uzaramo hawakuvutwa upesi, kwani Uislamu ulikuwa umekwisha kutia mizizi pwani. Hivyo kundi la kwanza lilikuwa la watu waliong'olewa kwao, wasio na ukoo mjini ila misioni. Mwaka 1892 kazi ilipelekwa pia Kisarawe. Jengo la kanisa tunalolijua, lenye paa la vigae vyekundu na mnara unaotazama maji, lilianza kujengwa mwaka 1898.

Badiliko kubwa la kwanza halikuwa la mchungaji mmoja bali la shirika zima. Mwaka 1903 kazi ya Dar es Salaam na Uzaramo ilikabidhiwa kwa Misioni ya Berlin, ndugu yake mkubwa, iliyokuwa tayari ikifanya kazi katika nyanda za juu za kusini. Ni makubaliano ya mashirika mawili ya Ujerumani. Kondoo walipata wachungaji wapya kwa hati iliyotiwa sahihi ng'ambo ya bahari.

Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia mjini. Wamisionari wa Kijerumani walizuiliwa, kisha wakaondolewa nchini, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Hapo ndipo ulegevu wa misioni ulipodhihirika, maana ilikuwa imechelewa mno kuwabariki wachungaji wenyeji. Walimu wa shule na wazee wa kanisa ndio walioshika kazi. Miongoni mwao mwalimu Martin Nganisya anakumbukwa katika historia ya Uzaramo kwa uongozi wake wa miaka hiyo.

Mwanafunzi wa theolojia ataona ugumu uliopo. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, lasema kwamba mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Je, ni nani aliyewaita walimu hao? Wapo watakaosema ilikuwa dharura tu. Kwa maoni yangu jibu hilo ni jepesi mno. Kifungu cha 7 chaliweka Kanisa katika kusanyiko la watakatifu ambamo Injili yahubiriwa kwa usafi, na kusanyiko hilo halikutoweka meli ilipong'oa nanga. Ikiwa usharika ulidumu, basi ulikuwa na wito uliotambuliwa na wasikiao, hata kama haukuandikwa na bodi ya Berlin.

Tena tuangalie mahali washarika walipoishi. Kanisa lilisimama Uzunguni, ufukweni. Waafrika wa mji waliishi ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, katika Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ileile iliyowaondoa wamisionari. Mgonjwa wa Kariakoo alikuwa karibu zaidi na mzee wa kanisa, jirani yake, kuliko na nyumba ya mchungaji iliyo baharini. Nadhani hii ni sababu mojawapo iliyofanya pigo la 1916 lisiwe la kufisha.

Mwaka 1939 mambo yalijirudia. Wajerumani walizuiliwa tena, na Walutheri wa Marekani wa Augustana pamoja na wa Uswidi wakabeba mzigo wa misioni zilizoachwa yatima nchini. Safari hii kulikuwa na wachungaji Waafrika katika makanisa ya Kilutheri, ingawa wachache, na hoja ya kujitawala haikuweza kuahirishwa tena. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT, na Uzaramo-Uluguru likiwa mojawapo.

Mji nao ulikuwa ukijaa Walutheri kutoka Kilimanjaro, Bukoba na Njombe, waliolelewa na misioni za Leipzig, Bethel na Berlin, kila kundi na desturi zake za ibada. Tangu hapo mchungaji wa Dar es Salaam alipohamishwa, aliyekuja baada yake aliwakuta wazee waliokwisha kusikilizana juu ya mambo ambayo yeye hakufundishwa chuoni.