Urani ya Mto Mkuju, madini yanayosubiri bei

Ukitoka Songea mjini ukashika barabara ya Tunduru, Namtumbo ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Mpaka miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Songea, hivyo habari ya urani ya Mto Mkuju, uliomo wilayani Namtumbo, ni habari ya nyumbani kwa watu wa Songea.

Wajerumani ndio walioitafuta mapema. Si wale wa vita vya Majimaji. Hawa ni Uranerzbergbau, kampuni iliyopima miamba ya Karoo kati ya 1978 na 1982. Dalili waliziona, lakini bei ya dunia ilikuwa ikiporomoka, wakafunga mizigo.

Juni 2007 paundi moja ya urani ilikaribia dola 136, na Mantra Resources ya Australia ikawa porini ikichoronga. Desemba 2010 Warusi wa ARMZ wakakubali kuinunua. Miezi mitatu baadaye tsunami ikaharibu vinu vya Fukushima, na thamani ya ununuzi ikajadiliwa upya, ikashushwa.

Mashapo yenyewe yalikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Julai 2012 kikao cha UNESCO huko St Petersburg kiliridhia kumegwa chini ya asilimia moja ya pori, jambo lililowaudhi sana watetezi wa wanyama. Leseni maalumu ya uchimbaji ikatoka 2013. Kisha? Mwishoni mwa 2016 paundi ilikuwa karibu dola 18, na kampuni ikaomba kusimamisha mradi.

Mkulima wa mahindi wa Ruvuma anaijua adha hii: analima bei ikiwa juu, anavuna imeshuka. Ila yeye husubiri miezi tu. Januari 2024 bei ya urani ilivuka dola 100, na Julai 30, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kiwanda cha majaribio cha mradi wa Mkuju. Tangu Wajerumani waanze kupima ilikuwa miaka 47, na dunia ikilalamika kuwa urani ni haba!

Hata ikichimbwa, urani ikiwa bado unga wa manjano haiwashi taa. Kwa vinu vingi lazima irutubishwe, na zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wa dunia wa kurutubisha uko Urusi. Mei 2024 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa nchini mwake kwa urani iliyorutubishwa huko. Mwenye mradi wa Mkuju ni Rosatom, shirika la serikali ya Urusi linalomiliki ARMZ.