Vlkolínec, Kijiji cha Mlimani katika Nchi ya Slovakia

Katikati ya Ulaya iko nchi ndogo yenye milima mingi, iitwayo Slovakia. Huko, chini ya mlima Sidorovo wenye urefu wa metre 1099, kimejengwa kijiji cha Vlkolínec. Jina lake latoka katika neno vlk, maana yake mbwa wa mwitu, mnyama ambaye sisi twamjua katika Injili tu.

Maandiko yakitaja kijiji hicho tangu mwaka 1376. Kwa karne nyingi kilikuwa chini ya mji wa Ružomberok, ulio bondeni. Wenyeji walikata miti, wakachunga kondoo, wakalima mashamba membamba yaliyopandana mlimani kama ngazi. Wembamba huo una sababu: baba alipofariki, watoto waligawana shamba, nao wajukuu wakaligawana tena.

Nyumba zao, zipatazo 45, ni za magogo yaliyolazwa moja juu ya lingine, msingi ukiwa wa mawe. Kuta hupakwa udongo, kisha chokaa nyeupe au ya rangi ya samawi, na paa ni la vibao. Mama wa kwetu aliyezoea kusiriba nyumba angeifahamu kazi hiyo mara moja. Kijito chapita kati ya kijiji. Mnara wa kengele, wa miti, ulisimamishwa mwaka 1770. Kanisa la mawe, lenye jina la Bikira Maria Kumwendea Elizabeti, likajengwa mwaka 1875. Kengele ilitangulia kanisa hilo kwa miaka 105.

Mwaka 1944 Waslovakia waliwaasi Wadachi, na nyumba kadhaa za kijiji zikateketezwa kwa moto. Baada ya vita, utawala wa Kikomunisti uliingia mwaka 1948. Askofu wa jimbo lao la Spiš, Ján Vojtaššák, alihukumiwa mwaka 1951 kifungo cha miaka 24, naye alikuwa mzee wa miaka 73. Aliachiliwa mwaka 1963, lakini hakuruhusiwa kurudi jimboni, akafariki mwaka 1965.

Hata hivyo, naona kilichomaliza watu wa Vlkolínec si moto wala serikali, bali ni mshahara. Vijana walishuka Ružomberok kufanya kazi katika viwanda vya nguo na karatasi, wakajenga huko.

Mwaka 1993 UNESCO iliandika kijiji hicho kati ya urithi wa dunia. Wageni huja kwa maelfu. Wenyeji wa kudumu hawafiki tena 20. Waliobaki hulalamika kwamba wageni huchungulia madirishani na kuingia uani bila hodi, kana kwamba hakuna mtu anayeishi humo. Wengine wamesema afadhali jina la kijiji chao lifutwe katika orodha ile, nao waachwe wakate kuni zao kwa amani.