Ufafanuzi: Jinsi Diski za Pamoja za Kompyuta Kuu Zinavyowekwa na Kutolewa Hewani

Mwananchi wa Katesh wilayani Hanang au Haydom wilayani Mbulu anapolipia huduma ya Serikali kwa kumbukumbu namba, taarifa za malipo yake huhifadhiwa kwenye diski za kituo cha data kilicho mbali na wilaya yake. Anapoelezwa kuwa mfumo hauko hewani, haina maana kwamba taarifa hizo zimepotea. Usalama wake hutegemea namna diski zinavyosimamiwa.

Diski ya pamoja

Serikali ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965, mashine aina ya ICT 1500 ilipofungwa Wizara ya Fedha. Katika kompyuta kuu za sasa, zinazotumiwa zaidi na mabenki na taasisi kubwa duniani, diski moja huweza kusomwa na kuandikwa na mifumo kadhaa. Hiyo ndiyo diski ya pamoja. Katika kompyuta kuu za IBM, kila diski hutambuliwa kwa lebo isiyozidi herufi au tarakimu 6. Mfumo mmoja hauruhusu diski mbili zenye lebo moja kuwa hewani kwa wakati mmoja.

Hali tatu za diski

- Hewani: mfumo unaweza kuitumia.
- Inasubiri kutoka: amri ya kuitoa imetolewa, lakini bado kuna kazi inayoitumia.
- Nje ya hewa: mfumo hauitumii tena, ingawa taarifa zilizomo zinabaki salama.

Hatari ilipo

Amri ya kubadili hali ya diski, iitwayo VARY, huathiri mfumo ulioipokea peke yake. Diski iliyotolewa hewani katika mfumo wa kwanza inaweza kuwa bado inapokea kumbukumbu kutoka mfumo wa pili. Mwendeshaji akiifuta ili kuiandaa upya, atakuwa amefuta taarifa zinazoendelea kutumika.

Utaratibu salama

1. Kuhakiki lebo na anwani ya diski.
2. Kubaini mifumo yote iliyounganishwa nayo na kazi zinazoitumia.
3. Kuhakikisha nakala rudufu ipo na inasomeka.
4. Kutoa amri katika kila mfumo na kusubiri kazi zikamilike.
5. Kuthibitisha hali ya diski katika mifumo yote kabla ya kuigusa.

Kanuni hii inahusu kituo chochote ambacho diski moja hutumiwa na mifumo mingi. Nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya Mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji wa taarifa kuzilinda dhidi ya upotevu unaotokana na uzembe. Kwa upande wake, mwananchi atunze stakabadhi na kumbukumbu namba ya malipo, kwani ndizo zitakazomwezesha kufuatilia malipo yake mfumo utakaporejea hewani.